Breki Zinaposumbua Baada ya Kubadilisha Matairi au Spea: Mwongozo kwa Madereva na Mafundi wa Nairobi

Mwongozo huu ni wa madereva wa teksi, wenye magari madogo ya mizigo na mafundi wanaohudumu kati ya katikati ya jiji na vitongoji vya magharibi: Westlands, Kangemi, Kawangware, Dagoretti Corner na Uthiru. Unahusu hali moja tu. Gari lilikuwa likisimama vizuri, likabadilishwa matairi, rimu, padi, diski au beringi, kisha breki zikaanza kusumbua.

Kanuni inayoongoza ni kwamba kasoro iliyozuka baada ya kazi itafutwe kwanza ndani ya kazi hiyo. Anayekimbilia Kirinyaga Road kununua diski kabla ya kuvua gurudumu na kutazama mara nyingi hurudi na shida ileile, kwa kuwa diski mpya imefungwa juu ya uchafu uliokuwepo.

1. Gari lisilopaswa kuondoka

Usiendeshe gari, hata kwa kulipeleka gereji ya jirani, ukiona lolote kati ya haya:

- Pedali inafika chini, au inazama polepole ukiikanyaga na kuishikilia.
- Mafuta ya breki yamepungua ghafla, au kuna unyevu upande wa ndani wa gurudumu.
- Taa nyekundu ya breki inawaka ilhali handibreki imeachiliwa.
- Nati imelegea au bolti imekatika.
- Gurudumu linatoa moshi au harufu ya kuungua.

Taa ya manjano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zinashika, lakini magurudumu yanaweza kujifunga na kuteleza kwenye lami iliyolowa. Punguza mwendo na ushughulikie kasoro hiyo siku hiyohiyo.

Padi mpya zikishafungwa, pedali huzama mara ya kwanza kwa sababu pistoni zilirudishwa ndani. Ikanyage mara kadhaa mpaka iwe ngumu, gari likiwa bado limesimama. Fundi asimkabidhi mteja gari kabla ya kufanya hivyo.

2. Maswali ya kuulizwa kabla ya kushika spana

Nini kilibadilishwa, na gurudumu lipi? Shida ilianza palepale au baada ya wiki kadhaa? Inatokea ukikanyaga breki tu, au wakati wote? Je, inaongezeka breki zikipata joto?

Majibu haya hupunguza kazi nusu. Usukani ukitetemeka kwenye kilomita 80 kwa saa bila breki kuguswa, tatizo liko kwenye balansi ya matairi au rimu iliyopinda. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, tazama diski za mbele na jinsi zilivyokaa. Gari likivuta upande mmoja wakati wote, anza na upepo wa matairi na alaimenti. Likivuta wakati wa kufunga breki tu, anza na kalipa, padi na mpira wa breki wa magurudumu ya mbele.

3. Baada ya kubadilisha matairi au rimu

Nati. Hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kukagua. Mashine ya upepo ifungue nati, isizikaze. Zikikazwa kupita kiasi au bila usawa, hupinda diski kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuleta mtetemo. Zianzishe kwa mkono, zikaze kwa mpangilio wa msalaba, kisha umalizie kwa spana ya torki. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni newtoni-mita 103. Kwa gari lingine fuata kitabu chake. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kiti cha nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati zenye shingo na washa bapa. Rimu za kununua madukani kwa kawaida huhitaji nati zenye ncha ya koni. Nati isiyolingana na tundu lake huonekana imekaza, kumbe imeshika ukingo tu, na italegea njiani.

Tundu la katikati. Habu ya Vitz au Probox ina kipenyo cha milimita 54.1, na rimu nyingi za kununua zina tundu la milimita 73.1. Pasipo pete ya kujaza nafasi hiyo, rimu huweza kukaa kando kidogo na gari likatetemeka hata baada ya balansi.

Uchafu. Matope mekundu, kutu na rangi nzito ya rimu iliyopakwa upya huzuia gurudumu kulala sawasawa kwenye habu. Sugua nyuso zote mbili kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane.

Ukubwa. Vitz iliyoundwa kwa tairi la 165/70R14 ikivishwa 185/70R14, kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 5. Kwa nguvu ileile ya mguu, breki hupungua kwa karibu kiasi hicho, na spidi ikionyesha 80 gari liko karibu na 84. Matairi ya ukubwa tofauti kwenye gari moja pia huweza kuwasha taa ya ABS.

Upepo. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali. 230 ni sawa na takriban psi 33. Tofauti kati ya kushoto na kulia inatosha kuvuta gari. Upepo ukiwa sawa na gari bado linavuta, badilishana matairi mawili ya mbele, isipokuwa yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, kasoro ni ya tairi.

Sauti. Mlio mmoja kwa kila mzunguko mara nyingi ni risasi ya balansi inayogonga kalipa. Mkwaruzo mwembamba usiokoma ni bati la nyuma ya diski lililopindwa wakati wa kazi. Huvutwa kwa bisibisi likakaa mbali na diski.

4. Baada ya kubadilisha padi, diski, kalipa au beringi

Diski mpya. Ioshe mafuta ya kiwandani kabla ya kuifunga. Ifunge kwa nati zote, kisha upime mchezo wake, yaani inavyoyumba ikizungushwa, kwa saa ya kupimia: kwa magari mengi kikomo ni karibu milimita 0.05. Mchezo ukizidi, izungushe diski tundu moja kwenye habu na upime tena. Diski iliyokaa vibaya haitetemeki siku ya kwanza. Hugusa padi kidogo kwa kila mzunguko, ikaliwa bila usawa, na mtetemo ukaja baada ya maelfu ya kilomita. Ndiyo sababu dereva husema diski ilikuwa mbovu, na fundi husema gari lilitoka zima.

Pini za kalipa. Lazima ziteleze kwa nguvu ya vidole. Zipake grisi ya silikoni; grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha raba. Pini iliyoganda hula padi moja na kuiacha nyingine nzima.

Kalipa zilizobadilishwa. Nati ya kutolea upepo lazima iwe juu. Ikiwa chini, kalipa ya kushoto imefungwa kulia, na upepo hautatoka hata ukitumia chupa nzima ya mafuta.

Joto lisilo sawa. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Inayochoma kuliko mwenzake ina breki isiyoachia. Liinue gari kwa jeki na stendi, na ufungue nati ya upepo ya gurudumu hilo. Likizunguka huru papo hapo, mpira wa breki umeziba kwa ndani au mafuta hayarudi kwenye masta silinda. Likibaki gumu, kalipa ndiyo iliyokwama.

Breki za dramu. Viatu vipya vikishafungwa, rekebisha viatu kwanza na waya wa handibreki mwisho. Waya uliokazwa mapema huacha viatu vikigusa dramu safari nzima.

Beringi. Nyingi za magari ya kisasa zina ukanda wa sumaku upande mmoja, ambao sensa ya ABS huusoma. Upande huo huvuta klipu ndogo ya karatasi. Ukielekezwa kinyume, taa ya ABS huwaka mara gari linapoanza kutembea.

5. Mafuta ya breki

Fuata maandishi ya kifuniko. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, na DOT 4 kuanzia 230. Yakinyonya maji, viwango hushuka hadi 140 na 155. Anayeteremka kutoka Limuru, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, hadi Westlands mguu ukiwa juu ya breki anaweza kupata pedali laini ghafla. Tumia gia ya chini. Usimwage ndani mafuta ya injini, ya gia wala ya usukani: yatavimbisha raba zote. Chupa iliyokaa wazi isitumike.

6. Jaribio la barabarani

Tafuta barabara ya ndani yenye nafasi, kama zile za Lavington asubuhi ya Jumapili. Usijaribu kwenye Waiyaki Way wala Nairobi Expressway, ambako hakuna mahali pa kusimama salama. Zoeza padi mpya kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 15 kwa saa, mara kumi, ukiacha breki zipoe katikati na bila kusimama kabisa. Kwa kilomita 300 za kwanza epuka kufunga breki kwa nguvu, ila kwa dharura.

7. Kununua spea na kuweka rekodi

Beba padi ya zamani dukani, ulinganishe umbo, unene wa chuma na matundu. Kwa bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, tuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali kwenda 20023 ili kuthibitisha. Kwenye diski iliyotumika, soma unene wa chini ulioandikwa pembeni mwake na upime kabla ya kulipa. Padi, mipira ya breki na raba za kalipa zisinunuliwe zikiwa zimetumika.

Teksi na magari ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini ukaguzi huo hauchukui nafasi ya rekodi ya kazi. Risiti ionyeshe tarehe, kilomita, spea iliyofungwa na upande wake, torki ya nati na unene wa diski. Shida ikirudi, dereva na fundi wasome mistari hiyo kwanza, na gurudumu lililotajwa ndilo livuliwe kabla ya mengine.