Mguu Mtupu Shambani: Kijitabu cha Kaya za Wakulima

Siku ya gulio, siku ya msiba, siku ya Ijumaa au Jumapili, kila mtu nyumbani hutafuta viatu vyake. Siku ya palizi viatu hubaki mlangoni. Mkulima hushika njia pekupeku, jembe begani, kwa sababu tope hula viatu na viatu ni pesa. Utaratibu huu umekaa kinyume. Njia ya gulioni ina hatari chache kwa unyayo. Hatari kubwa iko kwenye tuta lenye unyevu, chini ya migomba, kwenye samadi, na kwenye kichaka ambako mtu hufyeka bila kuona anapokanyaga. Kama msimu huu fedha zinatosha jozi moja tu, iwe ya shamba.

Kijitabu hiki kisomwe kwa sauti jioni, wakubwa kwa wadogo wakiwa pamoja. Miguu ya baba na mama ndiyo inayosahaulika zaidi, na mara nyingi mtoto ndiye mwenye macho makali ya kuikagua.

Sugu si kiatu

Mtu aliyekulia peku huwa na sugu nene unyayoni, na wengi huitegemea. Sugu humsaidia kupita kwenye changarawe, lakini katikati ya vidole na pembeni mwa mguu ngozi hubaki laini, na huko ndiko yanakopita magonjwa mengi yanayotajwa humu. Sugu yenyewe, ikikauka, hupasuka. Magaga ya kisigino ni milango iliyo wazi kwa vijidudu, hasa kwa mtu anayekanyaga samadi kila siku.

Safura

Minyoo ya safura huishi katika utumbo mwembamba na kunyonya damu. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakiangukia udongo wenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 vitoto vyake, visivyoonekana kwa macho, huwa tayari kuingia mwilini mwa mtu. Vinaweza kungoja udongoni wiki tatu au nne. Havihitaji jeraha. Mguu ukikaa juu ya udongo huo, vinapenya ngozi, vinaingia kwenye damu, vinapita mapafuni, vinapanda hadi kooni, vinamezwa, kisha vinafika utumboni na kukua.

Jambo hili lilijulikana kwa ajali. Mwaka 1898, mjini Cairo, mtafiti Mjerumani Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye vitoto vya minyoo hii. Ngozi ilimwasha, na baada ya wiki kadhaa akakuta mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe.

Mkulima naye huanza na mwasho. Vipele vidogo hutokea miguuni, akasema ni umande au nyasi, akajikuna, vikaisha. Wiki kadhaa baadaye tumbo linauma, nguvu zinapungua, viganja na ndani ya kope vinapauka, na moyo unaenda mbio akipanda mlima mdogo tu. Mara ngapi mwanamke ameitwa mvivu kwa sababu anakaa chini kila baada ya matuta mawili? Huenda damu yake inanyonywa usiku na mchana. Akiwa mjamzito, na damu yake ikashuka chini ya gramu 11 kwa desilita, tayari ana upungufu, na upungufu ukiwa mkubwa, kutokwa damu kidogo wakati wa kujifungua kunaweza kumgharimu uhai.

Hapa lazima tuseme wazi. Udongo wa shamba hauzai safura wenyewe. Huletwa na haja kubwa ya watu. Shamba likiwa mbali na nyumba, wafanyakazi hujisaidia pembeni, tena penye kivuli kizuri, chini ya migomba au kahawa. Siku chache baadaye mtu yuleyule, au mkewe, au mtoto aliyekuja na uji, anapita hapohapo bila viatu. Chimbeni choo cha shamba. Shimo lenye kina, mbali na kisima na mtaro, na kibanda cha makuti au majani kinatosha. Viatu bila choo ni nusu ya kazi.

Kuna pengo jingine. Watoto hupewa dawa za minyoo shuleni wakati wa kampeni, na kila mtu huona nyumba imetibiwa. Lakini safura, tofauti na minyoo mingine ya tumbo, mara nyingi huwa nyingi zaidi kwa watu wazima, wale hasa wanaoshinda shambani. Baba, mama na babu waende zahanati. Dawa ya kawaida ni albendazoli ya miligramu 400, dozi moja. Mjamzito asijinunulie dukani. Ahudhurie kliniki, ambako hupewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Na dawa huua minyoo iliyomo tu. Anayerudi shambani peku anaweza kupata mingine wiki hiyohiyo.

Mguu unaovimba penye udongo mwekundu

Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi na udongo mwekundu wa mfinyanzi uliotokana na volkano, kuna uvimbe wa miguu ambao hauletwi na mbu wala mdudu yeyote. Huitwa podokoniosisi. Chembe ndogo sana za madini zilizomo katika udongo huo hupenya ngozi ya mguu mtupu mwaka baada ya mwaka, na kwa watu ambao miili yao ina asili ya kudhurika nazo, njia za majimaji ya mwili huziba. Ndiyo sababu ndugu wawili hulima shamba moja, mmoja akavimba na mwingine asivimbe. Ethiopia ina wagonjwa wengi kuliko nchi nyingine. Rwanda uchunguzi umewakuta wagonjwa katika wilaya zote 30, na Uganda ugonjwa umethibitishwa wilayani Kamwenge, ambako mwanzoni ulidhaniwa kuwa matende ya mbu.

Huanza kwa mwasho na joto kwenye vidole na unyayo. Uvimbe huja, hupungua usiku, hurudi. Huanzia chini kwenda juu, na kwa kawaida hauvuki goti. Baada ya miaka, ngozi hukakamaa, huota vinundu na kutoa harufu.

Hauambukizi. Hamtaupata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye kitanda kimoja au kuvaa viatu vyake. Yamesemwa maneno mengi mabaya juu ya watu hawa, kwamba wamerogwa, kwamba ukoo wao haufai kuolewa, na wengi wameacha shule, ibada na soko kwa aibu. Maneno hayo yanaumiza kuliko mguu wenyewe, na nyumba inayosoma kijitabu hiki isiyarudie. Ukiwahi mapema, matunzo hurudisha mguu karibu na hali yake: kuosha kila siku kwa sabuni, kukausha vizuri, kupaka mafuta, kuinua mguu wakati wa kupumzika, kufunga bendeji kama muuguzi alivyoelekeza, na kuvaa soksi na viatu vilivyofunika mguu wote. Huko Afrika Kaskazini ugonjwa huu ulitoweka baada ya watu kuzoea kuvaa viatu.

Funza

Funza hakuwapo kwetu zamani. Alivuka bahari kutoka Amerika Kusini, akafika Angola mwaka 1872, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa ameshafika pwani ya Afrika Mashariki. Jike huingia kwenye ngozi, mara nyingi kando ya kucha au kisiginoni, na kuvimba hadi karibu ukubwa wa njegere huku akimwaga mayai mchangani.

Kosa kubwa ni pini moja kuzunguka miguu ya nyumba nzima. Pini hiyo huhamisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na tundu inaloacha ni mlango wa pepopunda. Msipake mafuta ya taa, dizeli wala dawa ya kupulizia mazao. Yapo mafuta ya dimethikoni ambayo hupakwa juu ya funza na kumziba pumzi bila kumchokoa; ulizeni kituo cha afya. Nyumbani, mwagieni sakafu ya udongo maji kabla ya kufagia, ikandikeni isiwe na vumbi, na mbuzi, mbwa na nguruwe wasilale wanapolala watu.

Kukatwa na kuchomwa

Jembe likiteleza, kisiki kikichoma, kioo kikikata, osheni kidonda hapohapo kwa maji safi mengi na sabuni, mtoe uchafu wote, mfunge kwa kitambaa safi. Samadi, majivu, udongo na mafuta ya breki havina nafasi kwenye kidonda. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na hupenda tundu jembamba lenye kina, lile la mwiba au msumari ambalo halitoi damu nyingi na hudharauliwa.

Wajawazito huchanjwa kliniki. Wanaume wengi walichanjwa mara ya mwisho walipokuwa watoto wachanga, kama walichanjwa, na ndio wanaoshika shoka na panga. Baba aliyechomwa aende kituo siku hiyohiyo aeleze chanjo zake. Taya likikaza, shingo ikikakamaa au kumeza kukiwa kugumu, ni hospitali mara moja. Dalili hizo huja kati ya siku 3 na 21, kidonda kikiwa pengine kimeshafunga.

Nyoka

Wengi wanaoumwa na nyoka shambani huumwa kwenye mguu, chini ya goti. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hakimbii. Hulala kimya kwenye majani makavu na huuma anapokanyagwa. Buti refu na fimbo ya kugonga nyasi mbele yako ni kinga ya kweli. Aliyeumwa avuliwe kikuku na pete, mguu ufungiwe ubao usitikisike, abebwe asitembee, apelekwe hospitali. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, msipoteze muda kumsaka nyoka.

Kwenye majaruba

Mkulima wa mpunga atasema viatu haviwezekani, na ana haki. Tope la jaruba humeza buti na kumwacha mtu amekwama. Hatutamwagiza lisilowezekana. Lakini maji hayo yana konokono wa kichocho, na yana mkojo wa panya unaoleta homa ya mgunda, ile iliyotambuliwa wilayani Ruangwa mkoani Lindi mwezi Julai 2022 na kuua watu 3. Mwenye kidonda mguuni asiingie majini hadi kipone. Apewe kazi ya juu. Viatu vivaliwe njiani na kwenye kingo, ambako watu hujisaidia. Ukitoka, osha miguu kwa maji ya bomba au kisima, usitumie ya mtaro, na uikaushe kwa kuisugua. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, au homa yenye maumivu makali ya misuli na macho mekundu, mwambie mganga wa zahanati kwamba unalima mpunga. Neno hilo moja humsaidia kujua aanzie wapi.

Beseni la jioni

Wekeni beseni, sabuni na kitambaa mlangoni. Kila atokaye shambani aoshe miguu, akaushe katikati ya vidole, apake mafuta ya nazi au ya mgando, kisha atazame: mkwaruzo, kidoa cheusi cha funza, mwasho, uvimbe. Anayetia udhu huigusa miguu yake mara tano kwa siku. Aitumie nafasi hiyo kuikagua.

Mwenye kisukari ana sharti lake. Ganzi humzuia kuhisi mwiba, na kidonda asichokihisi kinaweza kuishia kukatwa mguu. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, na jioni mtu mwenye macho mazuri amtazamie nyayo.

Viatu gani, na nani aanze

Kandambili ni za bafuni. Mwiba hupita, na kwenye tope huteleza. Makatambuga ya tairi ni imara, humzuilia mtu miiba na vioo, tena ni nafuu, lakini huacha vidole na juu ya mguu kwenye udongo, kwa hiyo hayatoshi penye safura nyingi au udongo mwekundu. Mabuti ya mpira ndiyo bora. Yakung'uteni kabla ya kuvaa, maana nge na tandu hupenda humo. Yalale yamepinduliwa yakauke, na soksi zifuliwe, la sivyo fangasi atashika vidole.

Jozi zikiwa chache, aanze mwenye kisukari, kisha mjamzito, kisha anayefyeka na anayezoa samadi. Mkubwa wa nyumba asiye na kazi ya shamba anaweza kungoja.

Na kibarua je? Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya 2007, na zote mbili zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kwa mkulima mdogo anayeita vibarua wawili wa palizi, jozi mbili za mabuti za kukaa ghalani pamoja na majembe zinatosha kuanzia. Zioshwe na kuanikwa kila jioni, na soksi kila mtu aje na zake.