Kishikizi cha Kifaa cha Ramani Garini na Kinga ya Ajali

Dereva aendaye kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 44 katika sekunde 2 anazotazama kifaa cha kuonyesha njia. Hivyo, uchaguzi wa kishikizi chake ni sehemu ya kinga ya ajali. Chagua chenye shina fupi lisilotikisika na mpira unaonata imara. Safisha kioo kwanza, kwani vumbi na joto huulegeza. Kibandike pembe ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, kisizibe barabara wala njia ya mfuko wa hewa: ukifumuka, waweza kukirusha kifaa usoni. Ingiza mahali uendako kabla ya kuondoka. Katika gari la wagonjwa, mhudumu aliyeketi mbele, si dereva, ndiye akiguse.