Mgonjwa wa Sukari Akilazwa: Mambo ya Kutazama Wodini

Watu wazima wa Kolwezi wakiulizwa hospitali nzuri ilikuwa ipi, wengi hutaja zile za enzi za Gécamines, kampuni ilipokuwa ikiwatibu wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao. Kampuni hiyo, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na huduma zake zikadidimia nayo. Tangu hapo, jengo likipakwa rangi au vitanda vipya vikiletwa, husemwa kwamba hospitali imebadilika. Kwa mgonjwa wa sukari, rangi ya ukuta haisemi kitu. Yapo mambo mengine, na ndugu anayekaa kando ya kitanda anaweza kuyaona mwenyewe.

Sindano na sahani

Anza na chakula. Katika hospitali zetu nyingi mlo wa mgonjwa hutoka nyumbani. Bukari na sombe hupikwa mtaani Manika, sufuria hufungwa kwa kitambaa, hupandishwa pikipiki hadi hospitali ya Mwangeji. Sindano ya insulini nayo ina saa yake. Viwili hivi vikipishana, mgonjwa yuko hatarini. Akichomwa insulini ya haraka saa sita, na bukari ikafika saa nane, sukari hushuka mno: anatetemeka, jasho baridi linamtoka, moyo unamwenda mbio, anaongea ovyo kama mlevi. Akiachwa hivyo hupoteza fahamu. Wengine hudhani ni malaria imepanda kichwani, wengine huanza maombi, na dakika zinapita.

Ndiyo maana alama ya kwanza ya matunzo yaliyoboreka ni swali dogo la muuguzi: “Mama, chakula kimefika?” Wodi inayopima sukari kabla ya mlo, ikasubiri sahani ionekane ndipo ichome insulini ya chakula, imepiga hatua kuliko wodi yenye mashine mpya zinazokaa kabatini. Nanyi mjibu kweli. Kama pikipiki haijatoka nyumbani, semeni haijatoka, msione haya.

Kipimo kikiwa chini ya 70 (mg/dL), na mgonjwa anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo 4 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, na mwiteni muuguzi. Apimwe tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudieni, ikipanda, ale. Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni: huyo anahitaji maji ya sukari ya kwenye mshipa, tena mara moja. Pakiti ndogo ya sukari iwe karibu na kitanda usiku kucha.

Namba kwenye karatasi

Ombeni kuonyeshwa karatasi ya vipimo. Namba moja haitoshi. Inayosema ni safu ya namba, yenye saa zake na kiasi cha insulini kilichotolewa. Kwa wagonjwa wengi waliolazwa madaktari hulenga sukari iwe kati ya 100 na 180. Aliyeingia na 450, kesho yake akawa 280, kisha 190, anaenda vizuri. Msimsukume daktari aishushe upesi hadi 80 ili mfurahi, kwani kushuka kupita kiasi kunaweza kuua haraka kuliko kupanda kidogo. Na kila mgonjwa atobolewe kidole kwa sindano yake mpya, maana damu ya mwenzake inaweza kumletea homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Viatu vivuliwe

Daktari asiyetazama miguu ya mgonjwa wa sukari hajamaliza kazi. Ugonjwa huu huua hisia za nyayo: mchimbaji huvaa buti siku nzima na kokoto ndani, asisikie, jioni anavua soksi yenye damu. Uchunguzi mzuri hupita katikati ya vidole na chini ya kisigino, na hugusa ngozi kwa uzi maalumu kujua kama bado inasikia.

Katika ukanda wa migodi kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yetu halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kifua kikuu. Mwenye kisukari hukipata mara 2 hadi 3 zaidi ya mwingine, na vumbi la mawe huongeza hatari hiyo. Mgonjwa wa sukari anayekohoa wiki 2 apimwe makohozi, na mwenye kifua kikuu apimwe sukari. Akianza dawa za kifua kikuu, daktari aambiwe vidonge vyote vya sukari anavyomeza, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge hivyo.

Kabla ya kutoka

Msiondoke na mfuko wa dawa tu. Ombeni karatasi yenye jina la kila dawa, kiasi chake, saa zake na tarehe ya kurudi. Mwenye insulini ajichome mwenyewe, au ndugu amchome, mbele ya muuguzi. Mlinganishe chupa na bomba la sindano: chupa ya uniti 100 kwa mililita hutaka bomba la 100. Bomba la 40 litampa zaidi ya mara mbili ya dozi. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, isigande. Iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki 4 mbali na jua na joto. Pasipo umeme, chungu kilichowekwa ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati, husaidia.

Anayeishi kwa insulini akianza kutapika, akihema kwa nguvu, pumzi ikanuka matunda yaliyoiva mno, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Wala msimkatie insulini kwa kuwa hali chakula: piteni kwa daktari awapangie kiasi kipya.