Mafunzo kwa Vitendo kwa Wanafunzi wa Sayansi ya Siasa: Waanzie Kwenye Kata

Likizo ya vyuo inapokaribia, vijana wetu wengi wanaosoma sayansi ya siasa hutuma maombi Dodoma, katika Bunge na wizara, kisha hungoja majibu hadi nafasi za karibu zikajaa. Ilhali Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1977 yaeleza kuwa serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayo huonekana kwenye kijiji na kata.

Maombi huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, yakiambatishwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni. Mwombaji asiombe “nafasi yoyote”. Aombaye hivyo hupangiwa popote, na aghalabu hurejea chuoni akiwa hodari wa kutoa nakala tu. Ataje kazi anayoikusudia. Kwa mfano, aombe kufuatilia hoja moja ya zahanati tangu Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, na hatimaye Baraza la Madiwani. Hapo ataona hoja inakobadilika na inakokwama, jambo ambalo vitabu hulipitia juujuu.

Mihtasari ya vikao aisome kwa idhini ya Mtendaji, wala asiitoe ofisini. Wazazi nao wapige hesabu ya nauli na malazi mapema, kwani mara nyingi mafunzo haya hayana posho.