KISHIKIO CHA TREKTA NDOGO: CHUMA KIIMARISHWE, NA MTU ALINDWE



Somo letu la Usalama na Afya safari hii linahusu trekta ndogo ya bustani. Mashini hii ilitengenezwa kwa kukata majani na kuvuta mzigo mwepesi. Lakini ikifika kwenye miteremko ya Nguba, haikai muda mrefu na kazi hiyo. Leo inavuta samadi, kesho mchanga na mawe ya msingi, kesho kutwa kisiki cha mkaratusi. Kishikio cha nyuma, yaani kile chuma ambapo tela hufungwa, kinapinda. Mwenye trekta anakwenda kwa fundi na kusema: “Nitilie chuma kinene.”

Chuma kinene ni kizuri. Lakini tufahamu jambo moja kwanza. Kishikio chembamba kikipinda kinakuonya kwamba mzigo umezidi. Kikisha kuwa na nguvu hakitapinda tena, na ile nguvu itatafuta mahali pengine pa kutokea: itavunja sanduku la gia, itakata mnyororo, au itainua pua ya trekta na kuipindua juu ya dereva. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza unene wa chuma, tuulize kwanza urefu wake kutoka chini.

1. Mahali pa kuvutia pawe chini

Magurudumu ya nyuma yanasukuma ardhi, na mzigo unavuta kurudi nyuma. Kadiri kishikio kinavyokuwa juu, ndivyo mzigo unavyopata wenzo mrefu wa kuinua pua ya trekta.

Tuchukue hesabu ndogo. Trekta ina mita 1.20 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mzigo unavuta kwa nguvu ya kilo 100. Kishikio kikiwa sentimita 30 kutoka chini, magurudumu ya mbele yanapungukiwa kilo 25. Kikiwa sentimita 60, yanapungukiwa kilo 50. Mzigo ni ule ule, hatari ni mara mbili. Na ukiwa unapanda mlima, pua imekwisha kuwa nyepesi kabla hujaanza kuvuta.

Kwa sababu hiyo, usifunge mnyororo kamwe juu ya ekseli ya nyuma, wala kwenye kiti, wala kwenye chuma kilichoinuliwa “ili kisiguse mawe”. Trekta ikianza kupinduka kwenda nyuma, mambo yote huisha kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Hakuna mtu anayeweza kuruka kwa muda huo. Mwaka 1959 nchi ya Uswidi iliamuru kila trekta mpya iuzwe na fremu ya kumkinga dereva, na vifo vya namna hii vikapungua sana. Trekta nyingi za bustani hazina fremu hiyo. Kinga yako ni kishikio cha chini na mguu usio na haraka.

2. Kazi ya kumwagiza fundi

Mwonyeshe fundi mambo haya:

– Sahani mpya ya chuma iwe na unene wa milimita 8 hivi, na isikae peke yake nyuma. Iungwe na vyuma viwili vya pembeni vinavyokwenda mbele hadi kwenye chasi, kushoto na kulia. Hivyo nguvu inagawanyika.

– Kishikio kisitegemee sanduku la gia. Sanduku hilo ni chuma cha kumimina au aluminiamu, halipindi, linapasuka.

– Boliti, au buloni kama tunavyosema kwa mafundi, ziwe zenye alama 8.8 kichwani, na nati zisizolegea. Boliti za namna hiyo zisilehemiwe, maana moto unazipunguzia nguvu.

– Pini iwe laini, ijae kwenye tundu lake, na iwe na kifungo cha kuizuia isiruke. Kipande cha nondo ya kujengea si pini.

– Kimo cha kishikio kibaki kama kiwanda kilivyokiweka. Tunaongeza unene, hatuongezi urefu.

Kila juma angalia matundu na mishono ya kulehemu. Tundu likiwa kama yai, au ukiona ufa mwembamba wenye kutu, kazi isimame.

3. Milima yetu

Wengine husema: “Moteri yangu ni dhaifu, haiwezi kupindua kitu.” Ni kweli kwamba moteri ya petroli hupoteza nguvu mahali pa juu. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na moteri ya kawaida hapa hupungukiwa kama sehemu moja ya saba. Lakini gia ya kwanza inazidisha nguvu mara nyingi. Hata moteri ndogo inaweza kuinua pua ya trekta yake yenyewe.

Tela la kilo 500, njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 10, linavuta kwa kilo 50 zaidi ya tambarare. Njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 4, linavuta kwa kilo 120 zaidi. Wakati wa kushuka kuelekea ziwani, kilo hizo hizo zinakusukuma mgongoni. Tela lisilo na breki lisizidi uzito wa trekta pamoja na dereva, na mteremkoni liwe jepesi zaidi. Miezi ya mvua, udongo mwekundu ukiteleza, ni afadhali kwenda mara tatu na mzigo mdogo kuliko mara moja na mzigo mkubwa.

Shuka kwa gia ya chini, usiweke huru. Anza kuvuta polepole mpaka mnyororo unyooke. Ukirukia mbele mnyororo ukiwa umelegea, pigo lake linapita uzito wa mzigo wenyewe. Watu wengine wasimame mbali kuliko urefu wa mnyororo, na mtoto asipande kishikioni hata kwa mchezo.

4. Siku ya kulehemu

Tenganisha betri, ondoa tangi la petroli, futa mafuta. Bomba lenye rangi ya zinki lisichomwe ndani ya nyumba iliyofungwa, maana moshi wake huleta homa na kikohozi.

Mwanga wa kulehemu huunguza macho, na maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa 6 hadi 12, usiku, kama mchanga ndani ya macho. Akina mama, wafukuzeni watoto wanaosimama kumtazama fundi. Jicho likiuma, lisisuguliwe. Usitie maziwa ya mama, limau wala majani. Weka kitambaa safi chenye maji baridi, kaa gizani, na asubuhi fika dispanseri. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Lakini chembe ya chuma ikiruka ndani ya jicho, usingoje asubuhi.

5. Ajali ikitokea

Zima moteri kwanza. Msimvute aliyebanwa, inueni trekta kwa jeki na magogo, upesi lakini bila kumbana zaidi. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua. Kidole kikipondwa, vua pete kabla hakijavimba.

Mtu aliyebanwa paja au mguu kwa muda mrefu apelekwe hospitali hata akisema “siumwi”. Nyama iliyopondwa hutoa sumu inayodhuru moyo na figo. Mwambieni mganga amebanwa tangu saa ngapi, na kama mkojo umekuwa wa rangi ya chai nzito. Jeraha lililoingiwa na udongo au samadi linaweza kuleta pepopunda. Ulizeni habari ya chanjo siku ile ile.

Maswali ya kujipima nyumbani

1. Kwa nini kishikio chenye nguvu kinaweza kuwa hatari kuliko kile kilichopinda?
2. Kishikio cha trekta yako kiko sentimita ngapi kutoka chini? Pima leo.
3. Je, kinashika chasi au sanduku la gia?
4. Nani nyumbani anajua kuzima moteri hiyo wewe usipokuwapo?

Swali la nne lisijibiwe kwa mdomo tu. Mchukue mama watoto, au kijana aliye mkubwa, umwonyeshe ufunguo ulipo, naye auzime mbele yako. Kinga ni bora kuliko tiba.