Kwa Nini Misuli Hukakamaa Wakati wa Wasiwasi?

Katika karne ya 19, wapagazi kutoka Unyamwezi waliteremka hadi Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, wakichukua mabegani pembe za ndovu na bidhaa nyingine, aghalabu mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Wengi hulifasiri jina la mji huo kuwa ni "bwaga moyo": hapo mpagazi alitua mzigo, akapumua, na mabega yake yakalegea. Mwanafunzi wa leo wa mji huo huo, anayengojea mtihani, hana mzigo begani. Hata hivyo ifikapo jioni shingo humuuma na mabega humkaza. Je, misuli yake imefanya kazi gani?

Ubongo unapotambua hatari huuamuru mwili ujitayarishe. Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo humimina adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka, pumzi huongezeka, na misuli hukazwa tayari kwa kupigana au kukimbia. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza matayarisho hayo mwaka 1915.

Anayemkimbia simba huitumia misuli yake, kisha huipumzisha. Lakini anayewaza juu ya mtihani au ugonjwa wa mzazi huketi kimya, huku misuli ya shingo, mabega, taya na mgongo ikibaki imekazwa kidogo kwa saa nyingi. Msuli uliokazwa mfululizo huchoka na kuuma. Maumivu huongeza wasiwasi, na wasiwasi huzidi kuikaza misuli.

Mzunguko huo waweza kukatwa. Mwaka 1929 daktari Edmund Jacobson wa Chicago alichapisha kitabu juu ya kuilegeza misuli hatua kwa hatua. Msingi wake ni kwamba mtu hawezi kulegeza asichokihisi. Hivyo kwanza ajifunze kuutambua mkazo.

Jaribio: Wanafunzi waketi wima, wainue mabega kuelekea masikioni kwa sekunde 5, kisha wayaachie huku wakitoa pumzi polepole. Warudie mara 3. Kila mmoja aeleze tofauti aliyoihisi.

Tahadhari: Isidhaniwe kuwa kila kukakamaa hutokana na mawazo. Shingo ngumu pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa yaweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo. Taya lililokakamaa baada ya jeraha laweza kuwa dalili ya pepopunda. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Kadhalika, kulegeza misuli hakuondoi chanzo cha wasiwasi. Mwanafunzi anayelalamika kila siku kuwa shingo yamuuma asidhaniwe mvivu. Mwalimu amwite faraghani, amwulize linalomsumbua, na amsikilize hadi mwisho.

Maswali
1. Kwa nini misuli huchoka hata mtu asipochukua mzigo?
2. Taja dalili mbili zinazodai kwenda hospitali bila kukawia.