Kupiga Mbizi kwa Mtungi: Je, Cheti Kina Kazi Gani?



Watu wa pwani wamepiga mbizi tangu zamani. Hutafuta kombe, kambakoche na pweza. Mpiga mbizi huvuta pumzi moja, huibana, hushuka, kisha hurudi juu kabla pumzi haijamwishia. Hana cheti. Alifundishwa na baba yake au na wenzake.

Siku hizi ipo njia nyingine. Katika sehemu kama Nungwi na Matemwe huko Unguja, Utende katika kisiwa cha Mafia, na Watamu huko Kenya, wageni huja kutazama samaki na matumbawe. Hawa hawabani pumzi. Kila mmoja hubeba mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Huivuta hewa hiyo kwa kifaa kinachokaa mdomoni. Hukaa chini ya maji hata nusu saa au zaidi.

Vijana wetu hufanya kazi katika mashua za wageni hao. Huendesha mashua, hutia nanga, hubeba mitungi. Iko siku kijana ataambiwa, "Wewe ni mtu wa bahari. Vaa mtungi ushuke nawe." Je, ashuke? Au kwanza asome apate cheti? Na cheti chenyewe ni cha nini? Hilo ndilo somo letu la leo.

CHETI HIKI NI CHETI GANI?

Cheti hiki hakitolewi na serikali. Hutolewa na vyama na mashirika ya wapiga mbizi. Huko Uingereza, chama cha British Sub-Aqua Club kilianzishwa mwaka 1953. Huko Marekani, shirika la PADI lilianzishwa mwaka 1966. Yako mengine mengi.

Katika PADI, mwanafunzi wa cheti cha kwanza hufanya mambo haya:

1. Hujibu maswali kuhusu afya yake, kama vile pumu, kifafa na ugonjwa wa moyo.
2. Huogelea mita 200, na huelea dakika 10 bila kushika kitu.
3. Hujifunza darasani jinsi maji na hewa vinavyofanya kazi mwilini.
4. Hujizoeza katika maji mafupi yaliyotulia.
5. Hushuka baharini mara 4 pamoja na mwalimu.

Akifuzu hupewa kadi. Kadi hiyo humruhusu kushuka na mwenzake mpaka kina cha mita 18. Akitaka kwenda chini zaidi, hana budi kusoma zaidi.

WANAOSEMA CHETI SI LAZIMA

Wako watu wanaosema cheti si lazima. Tusiwacheke. Tuzisikilize hoja zao.

Hoja ya kwanza ni hii: sheria haidai. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi hakuna sheria ya serikali inayomtaka mtu apate cheti kabla ya kupiga mbizi kwa kujifurahisha. Marekani haina sheria ya taifa zima ya namna hiyo. Lakini ziko nchi zenye sheria hiyo. Israeli ilitunga yake mwaka 1979. Tena pasipo na sheria, mwenye duka la mitungi huweka masharti yake. Mgeni asiyeonyesha kadi hapewi mtungi.

Hoja ya pili: mashirika yanatafuta fedha. Hilo nalo lina ukweli. Masomo haya hulipiwa, na bei yake si ndogo.

Hoja ya tatu: waliotangulia hawakuwa na vyeti. Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa chao cha kuvutia hewa mwaka 1943. Nani aliwapa cheti? Hakuna. Lakini anayefyeka njia ya kwanza porini huchomwa na miiba mingi. Anayefuata nyuma hana sababu ya kukanyaga miiba ile ile.

Hoja ya nne ndiyo inayotuhusu sisi wa pwani. Husemwa hivi: "Mimi nimezaliwa baharini. Nitafundishwa nini?" Hoja hii ina hatari kubwa. Tuitazame vizuri.

MAJI HUIBANA HEWA

Chukua kikombe kitupu. Kigeuze mdomo chini, ukizamishe kisimani au kwenye pipa. Maji yataingia kidogo ndani ya kikombe. Kwa nini? Kwa sababu maji yameibana hewa iliyomo, nayo imepungua ukubwa. Kadiri unavyokwenda chini, ndivyo maji yanavyozidi kubana.

Juu ya maji, mbano ni 1. Kila mita 10 za bahari huongeza mbano mwingine 1. Basi kwenye kina cha mita 10 mbano ni 2. Kwenye mita 20 ni 3. Hapo kwenye mita 10, hewa iliyojaa ndoo mbili hubanwa ikawa ndoo moja. Ikirudi juu, huwa ndoo mbili tena.

Sasa mtazame mpiga mbizi wetu wa pumzi moja. Alijaza mapafu yake juu. Akishuka, mapafu hubanwa. Akipanda, mapafu hurudi kuwa kama yalivyokuwa. Hayawezi kuzidi hapo. Kubana pumzi hakumpasui.

Mwenye mtungi ni habari nyingine. Yeye hujaza mapafu yake kule kule chini. Kifaa chake humpa hewa iliyobanwa sawasawa na maji yanayomzunguka. Kwenye mita 10, pumzi moja aliyovuta ni sawa na pumzi mbili za huku juu. Akibana pumzi hiyo na kupanda, hewa itatanuka ndani ya kifua. Mapafu hayana nafasi ya kupokea hewa mara mbili. Yatapasuka kama puto. Hewa inaweza kuingia katika damu, ikaenda kwenye ubongo, na mtu akafa.

Wala si lazima awe ametoka mbali chini. Mtu aliyejaza mapafu kwa mtungi anaweza kuumia hata akipanda kutoka kina kisichozidi kimo chake mwenyewe.

Kwa hiyo amri ya kwanza ya mtungi ni hii: USIBANE PUMZI. Vuta na toa hewa wakati wote.

Unaona hatari ilipo, ndugu msomaji? Mtu wa bahari amefundishwa tangu utoto kubana pumzi na, akishtuka, kukimbilia juu. Mazoea hayo yamemwokoa mara nyingi. Akivaa mtungi, mazoea hayo hayo yanaweza kumwua. Mtu wa bara asiyejua kitu hujifunza jambo moja tu. Mtu wa bahari hujifunza mawili: kuacha la zamani na kushika jipya. Ndiyo maana yeye pia anahitaji mwalimu, tena kwa makini zaidi.

MBUZI WA HALDANE

Iko hatari ya pili. Hewa tunayovuta ina gesi nyingi iitwayo naitrojeni. Mtu akikaa chini ya maji na mtungi, gesi hiyo huingia katika damu na nyama ya mwili wake. Akipanda polepole, hutoka kwa njia ya mapafu bila taabu. Akipanda haraka, hugeuka mapovu mwilini.

Umepata kufungua chupa ya soda kwa haraka? Ilipofungwa hukuona povu. Ulipofungua, gesi ilitoka kwa wingi kwa mara moja. Mwilini mambo huwa hivyo hivyo. Mtu huumwa na viungo, hufa ganzi, hupata kizunguzungu. Wengine hupooza miguu.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Scott Haldane, pamoja na wenzake, waliichunguza habari hii kwa kutumia mbuzi. Waliwatia ndani ya chumba cha chuma na kuishindilia hewa. Kisha waliipunguza, mara haraka, mara kwa hatua. Mbuzi waliopunguziwa hewa haraka waliumwa na viungo. Wengine walisimama na mguu mmoja juu. Waliopunguziwa kwa hatua zilizopangwa vizuri walitoka salama. Mwaka 1908 wataalamu hao walichapisha majedwali ya kumwonyesha mpiga mbizi namna ya kupanda.

Elimu hiyo imeendelezwa mpaka leo. Mpiga mbizi hufundishwa kupanda polepole. Walimu wengi hufundisha mita 9 kwa dakika. Akifika mita 5 hungoja dakika 3. Akisha kutoka majini, hapandi ndege upesi. Aliyeshuka mara moja hungoja saa 12 au zaidi. Aliyeshuka mara nyingi hungoja saa 18 au zaidi.

Mambo haya huwezi kuyajua kwa ushujaa, wala kwa kuzaliwa karibu na maji. Macho hayaioni naitrojeni. Maumivu mara nyingi huja baada ya mtu kufika nchi kavu, huku akidhani amesalimika.

BASI, CHETI AU ELIMU?

Wewe, ndugu msomaji, ulipomaliza kisomo labda ulipewa cheti. Je, cheti hicho ndicho kinachokusomea barua? La. Anayesoma ni wewe. Na ukikaa miaka mingi bila kushika kitabu, herufi zitakutoka, ingawa cheti bado kimo sandukuni.

Cheti cha kupiga mbizi ni vivyo hivyo. Kadi haizuii mapafu kupasuka. Kadi hiyo haina mwisho wa matumizi, lakini ujuzi husahaulika. Mwenye kadi ya zamani ambaye hajashuka kwa muda mrefu yampasa kurudi kwa mwalimu na kujizoeza tena.

Hata hivyo, kadi ina kazi yake. Mwenye mashua hawezi kumfungua mtu kichwa aone anajua nini. Kadi humwambia kwamba mtu huyu alifundishwa, akajaribiwa, akafuzu. Nawe utakayeshuka naye unapata haki ya kujua hivyo, kwa maana chini ya maji uhai wako umo mikononi mwake.

Jibu letu basi ni hili. Mafunzo ni lazima, sheria ipende isipende. Cheti ni shahidi wa mafunzo. Shahidi ni mzuri, lakini si yeye aliyefanya kazi. Asiye na cheti anaweza kuonja tu. Wako walimu wanaompa mgeni maelezo mafupi na kushuka naye wakimwangalia, bila kupita mita 12. Kushuka peke yake, au na rafiki asiyejua, hapana.

Na kama kijana wako anafanya kazi katika mashua za wapiga mbizi, asione haya kumwuliza mwenye kazi: "Nitafundishwa lini?" Akiambiwa avae mtungi kabla ya kufundishwa, akatae. Kazi hupatikana tena. Mapafu hayapatikani.

MTU AKIUMIA

Mtu aliyetumia mtungi akilalamika maumivu ya viungo, ganzi au udhaifu, usiseme ni uchovu. Usikimbilie kusema amepigwa na jini. Mlaze chali. Kama katika mashua iko hewa ya oksijeni, apewe mara moja na mtu anayejua kuitumia. Mpeleke hospitali haraka, na mwambie mganga: "Alikuwa chini ya maji na mtungi." Mwambie pia kina na muda. Usimrudishe chini ya maji ili apone. Tiba yake hufanyika katika chumba maalumu cha hewa iliyoshindiliwa, na vyumba hivyo ni vichache. Kwa hiyo kinga ni bora kuliko tiba.

MANENO YA KUJIFUNZA

kushindilia: kujaza kwa nguvu mpaka kitu kibanane
matumbawe: mawe ya baharini yanayojengwa na wanyama wadogo
naitrojeni: gesi iliyo nyingi kuliko zote katika hewa
kufa ganzi: kukosa hisia katika sehemu ya mwili

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mpiga mbizi wa pumzi moja hapasuki mapafu anapopanda?
2. Kwa nini mazoea ya mtu wa bahari yanaweza kumdhuru akivaa mtungi?
3. Je, katika kijiji chako wako vijana wanaotumia mitungi? Nani aliwafundisha?
4. Taja kazi nyingine ambayo cheti peke yake hakitoshi.

HESABU

1. Kwenye kina cha mita 30, mbano ni ngapi?
2. Mtungi ungemtosha mtu dakika 60 juu ya maji. Kwenye mita 10 utamtosha dakika 30. Kwenye mita 20 utamtosha dakika ngapi?
3. Mtu yuko kwenye mita 18. Anapanda mita 9 kwa dakika, na anangoja dakika 3 njiani. Atafika juu baada ya dakika ngapi?